Babu na Chanjo ya Mitamba

Babu yangu anajua mambo ya chanjo kuliko mtu yeyote pale Samuye, na hilo ndilo lililotuponza.

Nimeanza na yeye kwa sababu bila yeye mdogo wangu asingetoroka nyumbani, na mimi nisingefunga saluni kwenda kugombana na ng'ombe. Babu ni baba mzazi wa mama. Baba yetu alipompata mama hakutoa ng'ombe hata mmoja, akaondoka zake, na kwa desturi ya kwetu watoto wasiotolewa ng'ombe ni wa babu yao. Kwa hiyo mimi na mdogo wangu ni wa babu, sawasawa na mitamba waliozaliwa zizini mwake, na yeye hajawahi kuficha kwamba anatuhesabu pamoja. Akiulizwa ana mali gani, anaanza na ng'ombe, anafuata mbuzi, halafu anamalizia, "Na wasichana wawili."

Bibi alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Naitaja kwa jina lake kwa sababu nyumbani haikutajwa. Ilisemwa tu "tumbo la bibi". Alianza kutokwa damu akiwa mzee, akanyamaza, akajifunga vitambaa na kuendelea kupalilia pamba yake. Tulipomfikisha hospitali kule Kolandoto, daktari alimpima, akatutazama, akasema laiti tungemleta mapema. Babu alishinda nje ya wodi akimuuliza kila mwenye koti jeupe swali moja: huu ugonjwa una chanjo? Kwa mfugaji hilo ndilo swali la kwanza. Mmoja akamjibu kwamba ipo, lakini ni ya wasichana wadogo, kabla hawajaanza mambo ya wanaume. Kwa bibi ilikuwa imeshachelewa. Babu alitoka pale na jibu hilo kichwani, akarudi nalo Samuye, akalitunza.

Mimi chanjo ilipoanza kutolewa mashuleni nilikuwa nimeshapita umri. Aliyebaki alikuwa mdogo wangu. Alikuwa na miaka kumi na minne, akikaribia kutimiza kumi na tano, na nesi wa zahanati yetu alituambia wazi kwamba akishatimiza kumi na tano chanjo ya bure inampita. Mimi nilitaka achanjwe. Mama alitaka achanjwe. Babu alitaka kuliko sisi sote. Ukisikia hivyo utadhani hakuna tatizo, sivyo?

Nesi ndiye aliyekuwa na tatizo. Safari iliyopita alipokwenda shuleni na boksi lake la baridi, wasichana waliruka madirishani, kwa sababu ilisemekana dawa ile inafunga kizazi. Wakabaki yeye, mwalimu mkuu na boksi. Sasa safari hii akaamua amtafute mzee anayeheshimika aseme neno kwenye mkutano wa wazazi. Akamchagua babu. Nami nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kusalimia kutoka Geita ninakofanyia kazi.

Babu alivaa koti la kanisani. Akasimama mbele ya watu, akajikohoza.

"Ng'ombe jike," alisema, "anaweza kupata ugonjwa wa kutupa mimba."

Watu wote wakatulia. Kwetu ukianza na ng'ombe unasikilizwa.

"Bwana mifugo akija anamchanja nani? Anachanja dume? Hapana. Anachanja ng'ombe mzee? Hapana, huyo ameshachelewa. Anachanja mtamba, tena mdogo, kabla hajapandwa. Na hawa mabinti ni hivyo hivyo."

Nilimwona nesi akiitikia kwa kichwa. Maskini, alifurahi. Alikuwa amehangaika na picha za vipimo na maelezo marefu, kumbe mzee anaimaliza kazi kwa maneno ya zizini.

"Na mtamba wa kuchinja hachanjwi," babu akaendelea. "Umpotezee dawa ya nini? Anachanjwa yule unayetaka azae. Kwa hiyo wanaosema dawa hii inafunga kizazi ni watu ambao hawajawahi kufuga."

Wazazi wakapiga makofi. Angekaa hapo, leo ningekuwa namsifu. Lakini babu akipigiwa makofi hakai. Akamgeukia nesi akamuuliza wakishachanjwa watajulikana vipi, maana mifugo wake wanavaa hereni. Nesi akasema wanapewa kadi. Babu akasema kadi mbuzi anaila. Halafu akawageukia wanaume, akanyoosha fimbo.

"Na ninyi mnaotafuta wake, muulize kwanza: huyu amechanjwa? Mnadani mnauliza. Kwa nini kwa binti msiulize?"

Wanaume wakacheka, wakakubali. Nesi akaacha kuitikia kwa kichwa. Nikatazama nyuma walikokaa wasichana, nikamwona mdogo wangu ameinamisha uso, anachora chini kwa kidole cha mguu. Nilidhani anaona aibu kwa sababu ya babu, na aibu kwa sababu ya babu ni jambo la kila siku kwetu. Nikarudi zangu Geita.

Kilichotokea baada ya hapo mama alinieleza kwa simu. Uvumi wa kufunga kizazi ulikufa kabisa, mzee alikuwa ameuzika. Mahali pake ukaota mwingine: anayechanjwa ni yule ambaye kwao wameshaamua aolewe. Wasichana wakaanza kuambiana kwamba ukinyoosha mkono kwa nesi, ukirudi nyumbani unamkuta mshenga kwenye kigoda. Wenye mabinti wakubwa wasioolewa wakataka nao wachanjwe, na mama mmoja akampeleka zahanati bintiye wa miaka ishirini na sita, akaapa kwamba ana kumi na nne ila amekua haraka kwa sababu ya maziwa.

Halafu mshenga akaja kweli. Alikuwa mtu wa kijiji cha pili, ametumwa na bwana mmoja wa Maganzo aliyeokota almasi na kwa sababu hiyo akaona mke mmoja hamtoshi. Bwana huyo alikuwa amesikia habari za ile hotuba. Alitaka binti aliyechanjwa, au aliyekaribia kuchanjwa, tena ikiwezekana kutoka kwa yule mzee mwenye ujuzi. Mshenga hakuja mikono mitupu. Alikuja na mtamba mwekundu mwenye mimba, akasema si mahari, ni salamu tu.

Babu hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Alimzunguka yule ng'ombe, akamtazama meno, akamshika kiwele, akakaa chini.

"Unajua mwanafunzi kuolewa ni kesi?" mama alimwambia babu, mshenga alipokwisha kuondoka. "Mtendaji wa kijiji atakuja kukufunga, baba."

"Nani anaolewa?" babu akauliza. "Huyu ng'ombe ni mgeni. Amekuja kutembea."

Mgeni akaingizwa zizini. Akapewa pumba. Kesho yake mdogo wangu akamuuza jogoo wa mama, akapanda basi, akaja kwangu.

Saluni yangu iko machimboni, ukuta kwa ukuta na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Karasha likiunguruma hamsikilizani, kwa hiyo siri zote za mji huu zinasemwa kwa kupiga kelele. Mdogo wangu aliingia na mfuko wa rambo, akanisalimia, akanieleza yote niliyokwisha kuyasikia kwa mama, mimi nikiwa nimeshika nywele za mteja. Nilikasirika mpaka nikamvuta mteja kichwa. Nikasema basi sawa, kesho twende zahanati ya hapa hapa, uchanjwe, babu na ng'ombe wake wasijue.

"Sichanjwi," alisema.

Wateja wakasikia. Na wateja wangu jambo la mtu ni lao.

"Usikubali kabisa, mdogo wangu," alisema mmoja, binti wa miaka ishirini hivi, ananyonyesha. "Ile kitu inafunga kizazi."

"Wewe ulichanjwa?" nikamuuliza.

"Nilichanjwa shuleni."

"Na huyo unayemnyonyesha?"

Akamtazama mtoto. "Huyu ni bahati tu," alisema. Kisha akafikiri kidogo. "Na kaka yake."

Wa pili alisema ile chanjo inawafaa wanawake wahuni, yeye haimhusu, ana mume mmoja. Nikamuuliza huyo mume ana wanawake wangapi. Akasema wa Kahama hana uhakika naye, lakini wa Katoro anamfahamu, ni mtu mzuri tu. Wa tatu alikuwa amelala kwenye kiti changu cha nyuma, nyusi zake nazichora zile za kudumu, za kuchomwa na sindano mara mia kidogo kidogo. Huyo alisema angekuwa na umri wa kuchanjwa angekataa, maana anaogopa sana sindano.

Nilitamani kulia. Nikapandisha sauti juu ya karasha, nikaanza kuwaeleza wote jinsi bibi yangu alivyokufa, ile harufu, vile vitambaa, na mama aliyekuwa akivifua usiku ili majirani wasione. Na karasha linavyojua kunikomoa, likazimika ghafla nikiwa katikati ya neno, mtaa mzima ukanisikia nikipiga kelele, "Mlango wa kizazi." Wachimbaji waliokuwa wanakunywa chai ng'ambo ya barabara wakasimamisha vikombe. Mmoja akaniuliza kwa adabu kama nahitaji msaada.

Jioni, wateja walipoondoka, nilimkalisha mdogo wangu. Nikamwambia aniambie ukweli, anaogopa nini.

"Siogopi sindano," alisema. "Wala siogopi kutozaa, nani ana haraka ya kuzaa? Nataka kusoma, dada. Babu alisema mbele ya kijiji kizima kwamba aliyechanjwa yuko tayari. Nikinyoosha mkono nimekubali. Nisiponyoosha, yule bwana wa Maganzo hanitaki. Babu mwenyewe ndiye aliyewafundisha wasimtake asiyechanjwa."

"Sasa uchanjwe huku, nani atajua?"

"Nikiulizwa nitasema. Mimi sijui kudanganya. Unayejua ni wewe."

Nililiacha hilo lipite. "Na yaliyompata bibi je?"

Akawa anakunja na kukunjua ule mfuko wa rambo. "Unadhani siyajui?" alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nalala naye chumba kimoja."

Mtoto alikuwa amejificha ndani ya ugonjwa kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo mahari haikumfikia. Nilimchukia babu usiku ule, nasema kweli, nilimchukia na koti lake. Asubuhi nikafunga saluni, tukapanda basi la Kahama, tukaunganisha mpaka Samuye. Nesi alikuwa anarudi shuleni siku inayofuata, na mtoto alikuwa amebakiza wiki moja kutimiza umri.

Tulimkuta babu zizini, amepiga magoti kwenye samadi, uso unang'aa.

"Mgeni amejifungua," alisema, hata kabla hatujamwamkia.

Alikuwa kweli amejifungua. Ndama jike, mwekundu kama mama yake, amesimama kwa miguu inayotetemeka. Babu alikuwa anamfuta kwa shati lake mwenyewe.

"Mmeona? Mama yake alichanjwa, mshenga alinihakikishia. Hakutupa mimba. Yale niliyoyasema ndiyo haya."

"Shikamoo, babu," nikasema. "Huyu ng'ombe arudishwe."

"Marahaba. Mgeni harudishwi. Anaondoka mwenyewe."

"Basi aondoke mwenyewe."

"Amejifungua leo. Mzazi anatolewa nje?"

Mama alikuwa ameegemea nguzo ya zizi. "Mimi nilipojifungua huyu mdogo," alisema, "kesho yake nilikuwa kisimani. Hukusema chochote kuhusu wazazi."

Babu akajifanya hajasikia. Nikamwambia mambo mengi pale, mengine siwezi kuyaandika kwa sababu ni babu yangu. Nikamwambia yeye ndiye aliyekaa nje ya wodi anauliza chanjo, na sasa chanjo imefika mlangoni kwake ameifanya iwe kitu cha kukimbiwa. Akajibu kwamba hajamwoza mtu. Nikamwambia kijiji kinajua huyo ng'ombe ni wa nini. Akajibu kwamba kijiji hakijui kufuga. Tulikuwa tunazunguka hapo hapo, kila nikisema mtu yeye anasema ng'ombe.

Ndipo mdogo wangu akasogea, akapiga goti kidogo, kama anavyosalimiwa mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mayu." Hivyo ndivyo anavyotuita wajukuu wa kike akiwa na upole.

"Kesho nesi anakuja. Ng'ombe huyu akiwa bado yumo humu, mimi sinyooshi mkono."

"Ugonjwa ule unaujua, mayu?"

"Naujua. Sinyooshi."

Akaondoka kwenda kupika. Babu alibaki ameshika shati lenye ute, anamtazama ndama. Hakuja kula. Mama alimpelekea ugali zizini, ukarudi na alama za ulimi wa ng'ombe.

Siku ya nesi tulifika shuleni mapema. Boksi liliwekwa kwenye dawati nje ya darasa la saba, kiti kimoja kikawekwa mbele yake, na wasichana wakasimama mbali, mgongo ukutani. Hakuna aliyetoka. Wote walikuwa wanamtazama mdogo wangu, kwa sababu mshenga alikuja kwao yeye, na atakachofanya ndicho kitakachojulikana kuwa maana ya jambo lile. Yeye alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono ameikalia.

"Njoo basi, mwanangu," nesi alimwita.

"Namsubiri babu," alisema.

Jua likapanda. Nesi akawaeleza tena, akatania, akaomba, akanywa maji. Mwalimu mkuu akajitolea yeye mwenyewe achomwe kwanza kwa mfano, nesi akamwambia hapana, mwalimu, keti. Wasichana wawili wakaondoka kwenda kuteka maji na hawakurudi. Mwishowe nesi akatazama saa yake, akaanza kufunga boksi, maana alikuwa na kijiji kingine cha kwenda. Niliona kifuniko kinashuka. Nilimshika mkono nikamwomba dakika chache tu. Nilitamani nimbebe yule mtoto kwa nguvu nimkalishe kitini, na nilijua nikifanya hivyo nimekuwa sawa na mshenga.

Tukasikia ng'ombe analia barabarani.

Babu alikuwa anakuja amevaa lile koti la kanisani, na ndama yuko mabegani, miguu minne inaning'inia kifuani. Ndama alikuwa amemchafulia mgongo wote. Nyuma yake mgeni anamfuata, analia, anataka mtoto wake. Babu hakumfunga kamba hata kidogo. Watu walianza kutoka majumbani. Njia ya kwenda kwa mshenga inapita mbele ya shule, lakini ipo nyingine fupi nyuma ya mashamba, na babu anaijua, yeye ndiye aliyeikata.

Mzee mwenzake akamuuliza anakompeleka mnyama.

"Kwao."

"Ana kasoro gani?"

Babu akasimama. Akamweka ndama sawa mabegani. "Hana kasoro," alisema. "Sijawahi kuona ng'ombe mzuri kama huyu tangu nizaliwe."

"Sasa?"

"Sasa kwangu hakuna binti wa kuolewa. Yupo wa kusoma." Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya mkutanoni, mpaka walio ukutani wakasikia. Kisha akatugeukia. "Nesi, chanja. Yale maneno ya mnadani niliyosema siku ile, yafute. Ya mtamba yaache, yale ni ya kweli."

Nesi akasema ameyafuta. Mgeni naye akapata nafasi ya kuingia kwenye bustani ya mwalimu mkuu na kula mchicha wa shule, na ilibidi tumsukume wote, mimi nikiwa na viatu vyangu vya mjini, hadi akarudi barabarani. Babu hakugeuka tena. Tulimwona akishuka kwenye bonde akiwa na ndama wake mabegani, ng'ombe akimfuata na watoto wa chekechea wakimfuata ng'ombe.

Mdogo wangu akanyanyuka kwenye ngazi. Akaketi kitini, akakunja mkono wa shati, akautoa. Kilikuwa ni kitendo cha muda mfupi sana. Nyuma yake wasichana walikuwa wameanza kujipanga, mmoja mmoja, wakisukumana kama kawaida yao.

Nesi alipochomoa sindano, yule mtoto akaanza kulia. Hajawahi kuwa mtoto wa kulia. Hakulia bibi alipozikwa, wala hakulia aliposhuka basi kwangu Geita. Sasa alikuwa analia mabega yakitingishika, kamasi zinamtoka, wala hazifuti.

"Imekuuma hivyo?" nesi alimuuliza.

Akatikisa kichwa. Nikachuchumaa mbele yake, nikamfuta kwa khanga, nikamuuliza basi ni nini.

"Nilidhani atamchagua ng'ombe," alisema.

Nikaendelea kumfuta. Mimi pia nilidhani hivyo.